Viraba Elfu Tatu vya Uso wa Mayunga

Mashine iliponyamaza na karatasi ikakatwa, Boniventura aliipokea kwa mikono miwili, akaitandaza sakafuni kwenye korido, akarudi nyuma hatua sita kama alivyofundishwa. Ukiwa karibu uliona vurugu tupu la herufi na nukta. Ukirudi nyuma na kulegeza macho, herufi zilishikana zikawa picha. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini alichokiona siku ile kilimfanya arudi hatua nyingine mbili, kisha asogee mbele, kisha arudi tena, mpaka mfagizi aliyekuwa anapita akamwuliza kama amedondosha kitu.

Upande wa kushoto wa karatasi alikuwapo mtu. Nywele nyeusi, nusu ya paji la uso, jicho moja, nusu ya pua, kola nyeupe ya shati. Upande wa kulia palikuwa na jambo lisilosemeka. Nywele zilikuwa nyeupe pe, mboni ya jicho nyeupe, kola nyeusi tii, na ngozi ya shavu inang'aa kama imepakwa chokaa. Pande mbili hizo zilikutana katikati ya pua, zikagoma kupatana.

Huyo ndiye alipaswa kuwa baba yake.

Tuseme mapema, ili mtu asipotee njiani: Boniventura Mayunga hakuwahi kumwona baba yake. Mayunga alikufa kwa homa ya uti wa mgongo mwaka wa hamsini na tano, mtoto akiwa na miezi minne. Iliyobaki ni picha moja, ukubwa wa kiganja, aliyopigwa Mwanza siku alipopeleka pamba kwa treni na akajisikia tajiri. Na picha yenyewe ilikuwa nusu. Mwaka wa sabini na nne, walipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Ngulyati, paa la nyumba ya zamani liliezuliwa asubuhi na mvua ikanyesha mchana, vyombo vyote vikiwa nje. Maji yaliingia kwenye sanduku la bati. Kanga mpya ya mama ikachuja rangi juu ya picha, na doa zito la hudhurungi likafunika upande mmoja wa uso, kutoka kwenye nyusi hadi kwenye taya. Mama yake, Kwandu, aliisafisha kwa pamba, kwa maji, kwa mate. La kuvunda halina ubani. Doa lilikaa.

Kwa hiyo Boniventura alikua, akasoma, akafika chuo kikuu Dar es Salaam na kufika mwaka wa tatu wa hisabati, akiwa na hamu moja ambayo hakumwambia mtu: kumwona baba yake mzima, angalau mara moja.

Hamu hiyo ilipata mlango mwaka wa sabini na saba, lilipoanzishwa somo la kushughulikia picha kwa kompyuta. Lilikuwa somo geni hata kwa aliyelifundisha. Daktari Uledi, mtu wa Pangani, mfupi, mwepesi wa kucheka, alirudi kutoka masomoni Ulaya na vitabu viwili na ari ya watu kumi. Serikali ilikwisha piga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na pale walipokuwa wakisomea palikuwa na mashine moja tu, pana kama makabati matano, iliyojua kula kadi zilizotobolewa na kutapika karatasi. Haikuwa na jicho. Ukitaka ione picha, uigawe picha hiyo katika viraba vidogo vidogo, uvitazame kimoja kimoja, na kila kiraba ukipe tarakimu ya mwanga wake: sifuri kwa weusi mtupu, tisa kwa weupe mtupu. Baada ya hapo picha haikuwa picha tena, ilikuwa hesabu, na hesabu unaweza kuifanya utakavyo.

Wanafunzi sita walisoma somo hilo. Mmoja alichagua mlima kutoka kwenye kalenda, mwingine golikipa kutoka gazetini. Boniventura alichagua doa. Angeandika programu ambayo, ikikuta kiraba kisicho na tarakimu, inatazama viraba vya jirani, inachukua wastani wao, inajaza pengo. Daktari Uledi alilipenda wazo hilo mno. Alisema likifanikiwa, ile nafasi moja ya kwenda kusoma ng'ambo miaka miwili haitahitaji mjadala.

Akaenda nalo likizo. Kutoka idarani aliazima karatasi ya plastiki angavu iliyochorwa viraba vya milimita moja moja, hamsini kwa sitini, jumla elfu tatu. Mjini Bariadi, fundi saa Mustapha alimwazima lile jicho lake la kioo la kubana kwenye kope, kwa sharti kwamba lisitumike kuchungulia wake za watu. Basi Boniventura akakaa mlangoni mwa nyumba ya mama yake, picha mapajani, plastiki juu ya picha, jicho la Mustapha usoni, akawa anahesabu mwanga. Majirani walipita wakisalimu, wakaondoka wakitikisa vichwa. Walishasikia kwamba elimu ya juu ina madhara.

Alimaliza nusu ya kushoto, iliyo safi. Siku aliyopanga kuanza nusu ya kulia, malaria ikambwaga.

Haikuwa homa ya mchezo. Siku nne alilala kitandani akitetemeka hadi kamba za kitanda zikalia, na mganga wa zahanati alimpa klorokwini na pole. Treni ya kumrudisha ilikuwa inapita Malampaka baada ya siku tano, na kazi ilitakiwa mezani kwa Daktari Uledi siku atakayofika. Hapo ndipo Kwandu alipoivuta plastiki ile akauliza kinachofanyika ni nini hasa, ili amsaidie.

Msimcheke mwanamke huyu. Kwandu alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima miaka miwili nyuma, na tarakimu aliziandika kubwa, zimesimama wima, hazina shaka. Zaidi ya hapo alikuwa na macho. Kuanzia Ngulyati hadi Kasoli, hakuna mtu aliyechambua pamba kama yeye. Wengine walihitaji kuishika pamba juani, waigeuze, wabishane. Yeye aliitazama tu, akatupa safi huku na fifi, ile chafu, kule, na mkaguzi wa kituo cha kununulia pamba alikuwa haufungui mfuko wake. Mara moja tu fifi iliwahi kukutwa ndani ya safi yake, fumba moja, na ilimwuma mwezi mzima.

Boniventura, meno yakigongana, alimweleza. Viraba hivi, tarakimu hizi, kutegemea weupe. Kwandu aliuliza apange vipi. Na Boniventura, akiwa amefumba macho, akatamka maneno ambayo baadaye angeyarudia kichwani mara mia.

“Panga kama unavyopanga pamba, mayu,” alisema. “Penye doa usihangaike. Weka kistari tu.”

Akageukia upande, akalala. Siku nyingine nne alizozinduka na kusinzia, kila alipofumbua macho alimwona mama yake kwenye kigoda karibu na kitanda, jicho la fundi saa usoni, midomo ikitembea, penseli mkononi. Siku ya safari alizipokea karatasi, akazifunga na mkanda wa baiskeli, akapakiwa kwenye lori la pamba hadi Malampaka akiwa hata kichwa hakijakaa sawa. Dar es Salaam alizikabidhi kwa Asumini, dada wa chumba cha kutobolea kadi. Hakuzipitia. Haraka ile, na homa ile, zilimla.

Ndiyo maana sasa alisimama kwenye korido akimtazama baba mwenye nusu mbili.

Daktari Uledi alikuja, akatazama, akacheka hadi akashika ukuta. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha pwani kama huko Usukumani watu huwa hivyo wakishakufa. Kisha akaona uso wa mwanafunzi wake, akanyamaza, akamwambia akatafute kosa, ana wiki tatu kabla ya kikao cha kupitisha kazi.

Siku tatu Boniventura alitafuta kosa mahali lisipokuwapo. Alikagua programu mstari kwa mstari. Alimshuku Asumini kwamba amechanganya kadi, na Asumini akamwonyesha kadi moja moja kwa ukimya wa mtu aliyeonewa. Aliishuku mashine. Alianza hata kujishuku mwenyewe, kwamba malaria imemwachia wazimu. Kila alipoitandaza karatasi ile na kurudi hatua sita, nusu nyeupe ile ilimtazama kwa jicho lake geni, na yeye hakujua amwombe msamaha au aikimbie.

Siku ya nne alikaa chini na tarakimu zenyewe. Alianza juu kabisa, mahali doa lisipofika. Kwenye nywele, nusu yake mwenyewe ilikuwa na moja, moja, mbili. Nusu ya mama ilikuwa na tisa, tisa, nane. Kwenye ukuta mweupe nyuma ya kichwa, yeye aliandika nane. Mama aliandika mbili.

Panga kama unavyopanga pamba.

Boniventura alijipiga paji la uso kwa kiganja. Pamba nyeupe kuliko zote ni ipi? Ni ya kwanza. Ni moja. Inayofuata ni mbili, na kadiri pamba inavyochafuka ndivyo inavyosukumwa chini kwenye tatu, nne, hadi tisa ambayo huwezi hata kujazia mto. Mama alifanya kile alichoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mashine ya Ulaya ilihesabu kutoka gizani. Kwandu alihesabu kutoka kwenye weupe, kama mtu yeyote mwenye akili zake kule kwao. Alicheka peke yake hadi machozi, na ndani ya kicheko kile alimkumbuka mama yake kwa uchungu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa programu: kila tarakimu ya nusu ya kulia itolewe kutoka kumi. Tisa iwe moja, mbili iwe nane. Asumini alitoboa kadi moja, ikachomekwa mahali pake, na kesho yake mashine ikatapika karatasi.

Alirudi hatua sita, na baba yake akamtazama.

Alikuwa mzima. Macho mawili, mashavu mawili, kidevu. Pale palipokuwa na doa palikuwa na jicho lililolegea kidogo kope, shavu lenye kibonde karibu na mdomo, sikio lenye pengo dogo kwenye ncha. Boniventura aliketi sakafuni. Alisikia furaha, na wakati huohuo akasikia aibu, maana hakujua mtu humsalimu vipi baba yake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Mwishowe alinong'ona “Mwadila, baba,” kama anavyosalimiwa mkubwa mchana, akaangalia huku na huku kama kuna aliyesikia.

Daktari Uledi hakucheka safari hii. Aliitazama karatasi, akaiendea, akarudi, akasema kwamba hata Ulaya hajaona doa likijazwa namna hii. Wastani wa majirani umetoa sikio! Alikwenda mbio kuwaita wenzake. Ile nafasi ya ng'ambo, alimtupia Boniventura maneno akipita, imekwisha pata mwenyewe.

Ni baada ya vishindo kutulia ndipo Boniventura alipoona mstari wa mwisho wa karatasi. Aliuandika yeye mwenyewe ndani ya programu, kwa ajili ya kujihakikishia, na tangu mwanzo hakuwa ameutilia maanani. Ulisema:

VIRABA VILIVYOJAZWA: 0

Aliusoma mara mbili. Sifuri. Programu haikujaza hata kiraba kimoja. Haikukuta pengo lolote la kujaza. Alizifungua karatasi za mama yake, akatafuta vistari. Hapakuwa na kistari. Kutoka juu hadi chini kulikuwa na tarakimu tu, zimesimama wima, hazina shaka, hata kule ambako picha yenyewe ilikuwa doa tupu.

Sasa kichwa kilimzunguka kweli. Kwamba mama alivijaza viraba hivyo, hilo lilikuwa wazi. Alivijaza kutoka wapi? Picha aliiacha nyumbani, lakini doa lile alilijua toka lilipoingia; lilikuwa kavu na zito, hata ukiinua picha kwenye jua hupenyi. Alizinakili karatasi zile upya, akaweka vistari penye doa, ambalo mipaka yake aliikumbuka, kama ilivyotakiwa, akampelekea Asumini. Kesho yake mashine ilileta matokeo ya haki. VIRABA VILIVYOJAZWA: 412. Na pale penye jicho na shavu na sikio palikuwa na tope laini, kama mtu amepitisha kiganja juu ya uso ukiwa haujakauka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Tope. Ile nzuri haikuwa yake wala ya mashine.

Wiki mbili zilizobaki alizila kwa kusitasita. Asubuhi aliamka na jibu moja, jioni alilala na jingine. Nani angejua? Akikata mstari wa mwisho kwa mkasi, imekwisha, anapanda ndege. Kisha akamkumbuka mama yake akirudisha begani mfuko mzima kutoka kituoni kwa sababu ya fumba moja la fifi, wakati mkaguzi mwenyewe alikuwa anamwambia aache tu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini si hilo lililomzuia. Lililomzuia ni kwamba hakujua hata anaongopa nini. Uso ule ulikuwa wa kweli au si wa kweli? Hakuna mtu duniani wa kumwuliza isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mwendo wa siku mbili za treni na lori.

Kikao kilikuwa na wahadhiri watatu. Boniventura alibandika karatasi zote mbili ukutani. Akasema iliyo nzuri hakuifanya yeye, programu yake ni ile yenye tope. Viraba mia nne na kumi na viwili vimejazwa na mama yake, Kwandu, mkulima wa pamba, na kwa namna gani hajui. Mhadhiri mmoja aliuliza tutajuaje kwamba ndivyo marehemu alivyokuwa. Boniventura alijibu kwamba hata yeye anataka kujua. Daktari Uledi aliyakodolea macho makaratasi yake mwenyewe. Walimpa alama ya kupita, ya chini kuliko zote zinazopita. Nafasi ya ng'ambo ilimwendea mwenye mlima.

Uchungu ulimshika, tusidanganyane. Lakini bado alikuwa na uso wa baba, na hilo lilimtosha hadi Asumini alipokuja kubandua karatasi ukutani.

Asumini alisita, karatasi nzuri ikining'inia mkononi. Alimtazama Boniventura, akaitazama karatasi, akamtazama tena.

“Ndugu Boniventura,” alisema taratibu, “mbona upande huu umejiweka wewe?”

Alidhani anatania. Asumini hakutania, alifungua mkoba, akatoa kioo chake kidogo cha poda, akamshikisha. Boniventura alikunja karatasi katikati ya pua, akabakiza nusu ya kulia, akaitazama, kisha akajitazama. Lile shavu. Kile kibonde karibu na mdomo. Alikitafuta kwenye kioo akakikuta, mahali palepale.

Daktari Uledi alipoambiwa, alisema jambo hilo lina maelezo rahisi: mtoto amerithi. Lakini Boniventura aliikunja karatasi upande wa pili, akatazama nusu ya kushoto, ile iliyotoka kwenye kamera ya Mwanza kwa jicho lake mwenyewe. Shavu lile lilikuwa nyoofu kama ubao. Halikufanana na lake hata kidogo, na maisha yake yote ndugu walimwambia amechukua sura ya wajomba. Mtu anarithi vipi upande mmoja tu, tena ule uliofunikwa na doa? Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Alipanda treni likizo ilipoanza. Njia nzima, karatasi ilikuwa imekunjwa kwenye bomba la bati mapajani mwake, na ndani yake mtu ambaye hakujua tena ni nani.

Alimkuta Kwandu nje ya nyumba, amekaa katikati ya pamba. Ulikuwa msimu. Safi huku, fifi kule, mikono ikienda bila kutazamwa. Walisalimiana kwa Kisukuma, kirefu, kama inavyopasa: habari za njia, za masomo, za ng'ombe wa mjomba, za mvua. Akapewa maji, akapewa michembe ya viazi vikavu. Alimweleza mama kwamba amefaulu, na kwamba ng'ambo hatakwenda. Kwandu aliuliza kama ni kwa sababu ya tarakimu zake. Boniventura akasema hapana. Ulikuwa uongo mdogo, na mama aliupokea bila kuukagua.

Kisha aliitandaza karatasi chini, kwenye ardhi iliyofagiwa, akaweka mawe kwenye pembe nne, akamwomba mama asimame, arudi nyuma hatua sita.

Kwandu alirudi. Alitazama. Mkono wake ulipanda taratibu ukafunika mdomo, ukabaki hapo. Kuku mmoja alitembea juu ya kola ya Mayunga, na hakuna aliyemfukuza.

“Ni yeye?” Boniventura aliuliza.

Mama alionyesha nusu ya kushoto kwa kidevu, akasema huyo ni wa picha. Alikuwa amebana mdomo kwa sababu ya kumwogopa mpiga picha. Kisha akaonyesha nusu ya kulia. Akasema sikio ni lake kabisa, alilipasua kwenye mwiba akichunga akiwa mdogo. Jicho nalo ni lake. Lilikuwa linalegea hivyo hivyo akichoka.

“Nilikwambia penye doa uweke kistari.”

“Ulisema.” Kwandu alirudi kwenye kigoda chake, akachukua fumba la pamba, akawa analivuta vuta bila kulichambua. “Nikaweka cha kwanza, roho ikakataa. Nitamwekeaje mume wangu vistari usoni? Nikakifuta. Nikafumba macho nikamwita. Jicho likaja. Sikio likaja. Nikawa naandika.”

“Na shavu?”

Hapo mikono ya Kwandu ilisimama.

“Shavu halikuja, ng'wanawane,” alisema. “Niliita siku nzima. Miaka ishirini na miwili ni mingi. Nilikuwa sijui kama nimemsahau, ndiyo nikajua siku ile.” Alipangusa pua kwa kiganja. “Wewe ulikuwa umelala pale, umegeukia kwangu, jasho linakutoka. Nikaweka jicho la Mustapha. Nikahesabu kwako.”

Boniventura alikuwa amekuja kuchukua baba, na sasa amepewa shavu lake mwenyewe lenye homa. Alikuwa na hasira, na hakujua ni hasira ya nani. Alikuwa na huruma iliyozidi hasira, na hiyo pia hakujua aielekeze wapi. Alipiga magoti kando ya karatasi na kuuliza, kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya mwanafunzi wa hisabati, ni viraba vipi hasa. Kutoka wapi hadi wapi. Amwonyeshe, avitoe, abaki na vya baba peke yake, hata vikiwa vichache.

Kwandu aliinama. Kidole chake chenye nyufa za kuchuma pamba kilitembea juu ya herufi, kikashuka kutoka kwenye jicho, kikapita chini ya kope, kikasimama. Kikarudi juu kidogo. Kikasimama tena. Mwanamke ambaye aliweza kutenganisha safi na fifi akiwa anaongea na jirani alikitazama kipande kile kwa muda mrefu.

“Sijui,” alisema mwishowe. “Niliwachanganya. Sasa siwezi kuwachambua.”

Kisha Kwandu alinyoosha mkono akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza taratibu mpaka shavu likapata jua. Alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama. Midomo yake ilianza kutembea kama alivyokuwa akifanya kando ya kitanda.

“Tano,” alisema. “Tano. Sita. Hapa ni nne.”

Boniventura alitulia asitikisike, mama amalize kuhesabu.